Beji za Wamarekani kwa Maman Bibiane

Maman Bibiane hapendi kuitwa fundi. Anasema fundi ni mtu wa cherehani au wa mabomba ya maji, na yeye anachofanya ni kubana beji tu. Duka lake liko ndani ya galeri ya Matonge, ujia wa maduka kwenye mtaa wa Wakongo wa Brussels. Ukitokea metro ya Porte de Namur unapita saluni nne za kusuka nywele ndipo unalikuta, na ukikuta mlango umefungwa basi mwenyewe yuko kwa jirani anakula. Ana miaka hamsini na saba, mfupi, na mkono wake wa kulia umejaa kuliko wa kushoto kwa sababu ya kuvuta ile mashine miaka ishirini. Anaweka bati la duara, anaweka picha, anaweka karatasi ya plastiki, anavuta chini, tak, na uso wa mtu umeshakuwa kitu cha kuvaa kifuani.

Wakongo wa Brussels hawafanyi jambo bila beji. Harusi ina beji. Kwaya ikitimiza miaka kumi, beji. Msiba ndiyo usiseme: mtu ambaye hakuna aliyemtembelea hospitali hata siku moja, akifa watu mia mbili wanavaa uso wake na kulia. Mimi jambo hilo linanikera na huwa nalisema wazi, lakini wao hawaoni ubaya wowote. Kwao uso uliouvaa ndio unaoeleza wewe ni mtu wa nani.

Mimi naitwa Burhani, ni mtu wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kazi yangu ni kupanga viti na maikrofoni kwenye jumba moja la mikutano huko Etterbeek, ambako watu wazima wanasafiri kutoka nchi ishirini na saba za Ulaya kuja kuahirisha mambo. Kwa Maman Bibiane niliingia mara ya kwanza kutafuta muhuri wa chama chetu cha Watanzania, maana mihuri pia anatengeneza. Nikasema neno moja tu, akacheka mpaka akakaa.

"Papa, Kiswahili yako ni ya redio," akaniambia. "Uko muntu ya wapi?"

Nilipotaja Kasulu aliacha kucheka. Mdogo wake wa mwisho, Noé, alikuwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ambayo kwetu ni jirani kabisa. Walikimbia Fizi, mashariki ya Kongo, mwaka 1998 pamoja, wakapotezana ziwani. Yeye akafika Bujumbura na baadaye Ubelgiji, mdogo wake akafika Tanzania, akawekwa kambini, na huko kambini akakua, akaoa, akazaa watoto watatu. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa duka lile. Alitaka mtu wa kumweleza mvua za kule zinaanza lini na barabara ya kambini ina vumbi la rangi gani.

Sasa, kila baada ya miaka minne Maman Bibiane alikuwa na wateja wa ajabu. Ni Wamarekani wanaokaa Brussels, wengine watu wa maofisi, wengine wastaafu wasiotaka kurudi kwao. Uchaguzi wa rais wao ukikaribia wanataka beji za kuvaa kwenye mikutano yao na kwenye baa. Mara ya kwanza ilikuwa 2008. Sikuwepo, lakini nimehadithiwa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuapa niliona. Walikuja sita kwa pamoja wakitafuta Mwafrika wa kuwatengenezea beji za yule mgombea aliyezaliwa na baba Mkenya, kana kwamba Mwafrika angezibana kwa namna nyingine. Waliposikia Kiswahili nusura walie. Wakataka neno la Kiswahili chini ya uso wake, na Maman Bibiane akawaandikia TUMAINI. Siku ya kuzichukua waliimba mle ndani ya galeri, wasusi wakatoka na vitana mkononi kuwatazama.

"Bale batu balikuwa banaimba sana," ananiambia kila mara. "Kwetu muntu akiimba hivi juu ya chef, mukubwa ya serikali, ujue balimulipa. Bale hakuna mwenye aliwalipa."

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja aitwaye Marjorie, mwalimu mstaafu, mrefu, anayeongea Kifaransa polepole kama anayevuka mto. Huyu alizoea duka. Siku moja alileta kopo la biskuti la marehemu baba yake, limejaa beji za chaguzi za zamani za kwao, nyingine za bati zito zimeshika kutu pembeni. Alizimwaga mezani tukaanza kuzipanga kwa miaka. Za zamani sana zilikuwa na jina tu, labda na mwaka. Kisha zikaja zenye uso, mgombea ametazama mbele kama picha ya pasipoti. Halafu zenye kimstari cha maneno ya kufurahisha, halafu rangi, halafu mzaha. Maman Bibiane alizishika moja moja, akazigeuza kutazama pini za nyuma, na akasema watu wa zamani walibana vizuri kuliko yeye.

Alichokuwa hajakiona kilikuja 2016. Marjorie alileta mchoro wa beji ambao haukuwa na mgombea wao hata kidogo. Ulikuwa wa mpinzani wao, na tusi.

"Hapana," Maman Bibiane akasema. "Mi siwezi kubana matusi ya mukubwa. Hata kama ni mukubwa ya bengine."

Marjorie akaeleza kwamba ni utani, kwamba kwao sasa watu wanavaa wanayemchukia zaidi ya wanayempenda. Maman Bibiane hakubadilika. Kazi ikaenda kwa Mturuki mmoja wa mtaa wa pili, na mimi nilimwona Maman Bibiane amefanya ujinga kuacha kazi nzuri kwa sababu ya mtu ambaye hatamjua maishani. Mwaka 2020 wakarudi, lakini hawakuja wenyewe. Michoro ilitumwa kwa simu, beji zikachukuliwa na kijana wa baiskeli, na Marjorie akaomba msamaha kwamba mwaka huo wa korona hakuna mikutano, kila mtu yuko nyumbani mbele ya kioo cha kompyuta. Maman Bibiane aliniuliza kama muntu haonekane, beji ni ya nini.

Ndipo tukafika 2024, mwaka ambao ningeuchana kwenye kalenda kama ningeweza.

Mwezi wa sita waliagiza beji mia tatu za yule mzee aliyekuwa rais. Mwezi wa saba mzee akajitoa. Maman Bibiane hakuelewa kabisa. Alinipigia simu nikiwa kazini, katikati ya viti, kuniuliza kama ni kweli chef anaweza kuacha kiti yeye mwenyewe bila kupinduliwa. Nikamwambia ni kweli, na makamu wake, mwanamke, ndiye anayegombea sasa. Baada ya siku chache Marjorie akaja na oda ya beji mia sita za huyo mama, amechangamka kama msichana, ila michoro ilikuwa kichekesho. Moja ilikuwa na mnazi. Nyingine ilikuwa ya kijani kibichi na neno moja tu. Hakukuwa na uso popote.

"Sura iko wapi?" Maman Bibiane akauliza.

Marjorie akasema vijana hawataki uso. Wanataka kile walichokwisha kukiona kwenye simu, yule mama akisimulia utani wa mnazi, wakiona nazi wanacheka, wanajua. Maman Bibiane akabana zote mia sita bila kucheka hata mara moja. Alipomaliza, alibaki na mabati kumi na mawili, na kwa kuwa roho ilikuwa inamuuma alitafuta picha nzuri ya yule mama, akiwa ametabasamu na mkufu shingoni, akabana kumi na mbili za uso, za kwake mwenyewe, kwa mtindo wa zamani. Nakumbuka alizipanga dirishani na wapita njia wakawa wanaziulizia kuliko zile za nazi.

Wakati huo Noé alikuwa anasubiri kuhamishiwa Marekani. Aliandikishwa 2015. Miaka tisa ya usaili, alama za vidole, vipimo vya kifua, usaili tena kwa sababu aliyemsaili wa kwanza amehama. Jimbo lilikuwa limeshatajwa, Iowa. Kote duniani Maman Bibiane alikuwa hana ndugu mwingine. Wakili wa hapa alishamweleza zamani kwamba kwa sheria ya Ubelgiji ndugu mtu mzima si familia, kwa hiyo Iowa ndiyo ilikuwa tumaini lote. Alishanunua atlasi ya mtoto wa shule na kuitia alama ya kalamu.

Mwezi wa tisa kulikuwa na shemasi wa kanisa lao anayesafiri kwenda Kigoma. Maman Bibiane akafunga furushi mbele yangu: makoti matano ya baridi, viatu, dawa ya mafua, na juu kabisa ndani ya soksi akaweka beji moja ya uso.

"Ataenda kwa bantu ya chef kujibu maulizo," akasema, "na hana hata sura yake? Banaweza kusema huyu ni muntu ya nani?"

Ningeweza kusema kitu. Nilicheka tu. Nitasema ukweli, sikuona ubaya. Hata kwetu huendi kwenye jambo la chama bila kanga ya chama. Na Wamarekani tuliowajua sisi, wote, bila kumtoa hata mmoja, walikuwa wanamsubiri yule mama aapishwe. Mtu wa upande wa pili alikuja dukani mara moja tu, akaulizia kofia nyekundu, akaambiwa kofia hatutengenezi, akaondoka kwa adabu. Tukafikiri yuko peke yake.

Noé alivaa ile beji kwenye mafunzo ya wasafiri, yale wanayofundishwa jinsi ya kuwasha jiko la umeme na kufunga mkanda ndani ya ndege. Aliivaa juu ya koti, Kasulu, mwezi wa kumi, joto lile. Akapigwa picha. Picha ile ilizunguka simu zote za Nyarugusu. Kwa muda wa mwezi mzima alikuwa mtu mkubwa, kila mtu akitaka kujua dada yake wa Ulaya ana uhusiano gani na watu wa rais, na yeye, Mungu amsamehe, hakuwakatalia. Alimwambia Maman Bibiane kwa simu kwamba hata foleni ya maji sasa wanampisha.

Asubuhi ya tarehe sita Novemba nilipita dukani kabla ya kazi. Habari zilikuwa zimeshatangazwa, yule mwingine ameshinda. Maman Bibiane alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Zile beji za dirishani alikuwa ameshaziondoa na kuzifungia kwenye mfuko wa nailoni, mafundo matatu.

"Mwambie aitoshe," akaniambia kabla ya salamu. "Aitoshe, aitupe mbali. Mi naogopa hata kuitaja kwa simu."

Nikampigia Noé mimi. Alikuwa ameshaivua.

Halafu, mwezi wa kumi na mbili, bila mtu kutegemea, tarehe ikatoka. Ndege ingeondoka tarehe ishirini na nane Januari. Nilimkuta Maman Bibiane amefunga duka mchana, anacheza peke yake katikati ya mabati, na akanivuta na mimi nikacheza, mtu mzima na koti langu. Alisema Mungu hatazamangi beji. Huko kambini Noé na mke wake Emmanuella wakafanya kama wanavyofanya wote wanaoondoka. Nyumba ya matofali waliyoijenga wenyewe wakampa mjane mmoja wa kanisa lao. Sufuria, bata, shamba la mihogo, godoro, vyote wakagawa, maana mtu anayekwenda Marekani akibakiza hata jembe watu wanasema ana roho mbaya. Wakapanda basi kwenda kituo cha wasafiri na furushi moja kila mtu.

Tarehe ishirini Januari rais mpya akaapishwa. Siku mbili baadaye waliitwa uani, wakaambiwa ndege zote zimefutwa. Si ya kwao tu, zote, za wakimbizi wa nchi zote duniani. Sababu ilikuwa ni karatasi iliyotiwa saini Washington siku ya kwanza. Mabasi yaleyale yakawarudisha kambini.

Walikuwa watu zaidi ya mia kwenye mabasi yale. Hakuna aliyekuwa na nyumba tena, hakuna aliyekuwa na sufuria. Na mahali fulani kati ya kituo na kambi, mtu mmoja akafungua simu yake, akaiona ile picha ya Noé.

Nafikiri mpaka walipofika walikuwa wameshaelewana. Mmoja wao alikuwa amevaa sura ya aliyeshindwa. Alijipiga picha nayo, picha ikafika kila mahali, ingekosaje kufika kwa mshindi? Kwetu sote, Kongo, Tanzania, popote tunapopajua, diwani akishinda anaanza na kijiji kilichomshangilia mpinzani wake. Anawanyima bomba, anawahamishia mwalimu. Hakuna hata mmoja kwenye basi lile aliyehitaji kuelezwa jambo hilo. Tena, hata mimi nilipoambiwa, kabla ya kukasirika, sehemu fulani ya kichwa changu ilisema inawezekana.

Noé alipiga simu wiki mbili baadaye. Familia ilikuwa inalala ndani ya kanisa.

"Yaya, banasema ni mi njo niliharibisha ndege," akasema, na yaya kwao ni dada mkubwa. Simu ilikuwa juu ya meza, sauti wazi, na mimi nipo. "Batoto hawabapatie zamu kwa maji. Emmanuella akisalimia, hawajibu."

"Si wewe," Maman Bibiane akasema. "Ni mi. Ni mi njo nilituma. Uwaambie ni dada yako."

"Niliwaambia. Banasema dada ni mwenye alituma, lakini kifua ilikuwa ya nani?"

Baada ya simu ile Maman Bibiane aliutoa ule mfuko wa nailoni. Akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Akasema angetuma ile ya nazi, isingekuwa kitu. Nani Nyarugusu angejua nazi ni nani? Ila yeye alitaka sura, yeye na ukaidi wake wa kupenda kazi nzuri. Nilimfokea. Nilimwambia hakuna mtu Washington aliyetazama kifua cha Noé, kwamba wamefuta watu laki na zaidi kwa kalamu moja bila kumjua hata mmoja kwa jina. Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Hata jina?" akauliza.

"Hata jina."

Akaanza kulia. Nilikuwa nimefikiri namfariji.

Wazo la barua lilikuwa langu. Naliandika hapa ili lisije likasemwa ni la mwingine. Nilisema Marjorie ni Mmarekani, tena wa chama cha yule mama, aandike barua kwamba beji haikuhusika, isomwe mbele ya watu, mambo yaishe. Tukaenda kwake Etterbeek, ghorofa ya tatu. Alikuwa amekonda. Hakuwa anafungua tena redio, alisema, na beji za baba yake alikuwa anataka kuzigawa lakini vijana aliowauliza walitaka kuzipiga picha tu, hawakutaka kuzichukua. Tulipomweleza ya Noé alifunika mdomo kwa mkono. Mwanzoni alifikiri hakuelewa Kifaransa chetu.

"Lakini hakuna aliyeiona," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeiona."

"Basi uandike hivyo," Maman Bibiane akamwambia.

Akaandika pale pale, nusu ukurasa, maneno mazuri ya moyoni. Nikayatafsiri. Na hapa ndipo nilipojiona mjanja. Niliitazama ile karatasi, nikawaza watu wangu ninavyowajua, nikasema barua bila muhuri ni barua ya mapenzi, nani ataiamini? Chama cha akina Marjorie wa hapa Brussels hakikuwahi kuwa na muhuri. Wenzetu wale wanaendesha mambo yao yote kwa saini. Basi Maman Bibiane akautengeneza siku ileile, wa duara, nyota pembeni, jina la chama limezunguka, na Marjorie akakubali kwa sababu wakati ule angekubali lolote. Tukaugonga kwa wino mwekundu, chini ya Kiswahili changu cha redio: Kwa yeyote anayehusika, nathibitisha kwamba beji iliyovaliwa na ndugu Noé haikuhusika kwa namna yoyote na kufutwa kwa safari. Tukaipiga picha, tukaituma, na barua yenyewe tukaipa mtu aliyekuwa anasafiri.

Mchungaji aliisoma Jumapili, baada ya sadaka. Emmanuella alitusimulia. Barua ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiugusa ule muhuri kwa kidole. Halafu mama mmoja, ambaye mwanawe yuko Marekani na hajamwona miaka kumi na moja, akasimama.

"Kama haikuwa beji," akauliza, "yule Mumarekani alijulia wapi habari ya beji? Mbona hakuandika juu ya viatu vyake?"

Kanisa zima likaguna. Mpaka siku ile beji ilikuwa minong'ono ya watu wenye njaa. Kuanzia pale ilikuwa na karatasi, na muhuri wa nyota. Wamarekani wenyewe wameijadili. Wengine waliokuwa wanamtetea Noé wakaacha, na yule mjane aliyepewa nyumba, ambaye alikuwa ameahidi kuwaachia chumba kimoja, akasema anaogopa.

Nilipoambiwa hivyo niliingia chooni pale kazini nikakaa. Viti mia nne vilikuwa vinanisubiri. Nilijichukia kama sijawahi kujichukia.

Miezi ikapita hivyo. Maman Bibiane aliendelea kubana beji za kwaya na za misiba, maana watu hawaachi kufa, lakini alikuwa haongei na mashine kama zamani. Wateja wakimwuliza hali, anajibu iko bien, yaani vizuri, na macho hayapo. Marjorie alikuja mara mbili na keki. Alikaa, akashika mkono wa Maman Bibiane, akasema baada ya miaka minne mambo yatageuka. Maman Bibiane akahesabu kwa vidole umri wa mtoto mkubwa wa Noé wakati huo, akaacha kuhesabu katikati.

Mwezi wa tisa Noé alijiandikisha kwenye msafara wa hiari wa kurudi Kongo kwa meli. Tulijua alipotuambia kwamba jina limeshatoka. Ilikuwa saa nane mchana, duka limejaa wanakwaya wanaosubiri beji zao, na Maman Bibiane akapokea simu mbele yao wote.

"Fizi?" akasema. "Noé, Fizi banapigana. Jana tu banaua batu kule. Unajua?"

"Najua, yaya."

"Alors, sasa unaenda kufanya nini?"

Sauti ya Noé ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Huku niko muntu mwenye aliharibu ndege ya bantu," akasema. "Nikikufa watasema alikufa ule wa ndege. Batoto yangu bataitwa hivyo. Kule nitakuwa mukimbizi tu, kama bengine."

Mwanakwaya mmoja akatoka nje, na wengine wakamfuata, hata bila beji zao. Maman Bibiane alimwomba. Akamwomba kwa Kiswahili, kwa Kibembe cha kwao, kwa jina la mama yao. Akamwambia atauza mashine. Akamwambia atakuja yeye mwenyewe Tanzania kukaa naye kambini, watasemwa pamoja. Noé alimwacha aseme yote, kisha akamwambia, taratibu kabisa, kwamba koti la kwake amemwachia mchungaji kwa sababu Fizi hakuna baridi.

Maman Bibiane akaninyooshea simu kwa ule mkono wa kulia.

"Umwambie wewe," akasema. "Wewe ni muntu ya kule. Wewe unajua kusema."

Nikaichukua. Nilikuwa na maneno, niliyapanga wakati Maman Bibiane anamwomba: kwamba avumilie, kwamba watu husahau, kwamba Iowa bado ipo. Nikasikia watoto wake nyuma wakigombania kitu na Emmanuella akiwatuliza. Niliyafikiria yale maneno moja moja na sikupata hata moja ambalo mimi mwenyewe nililiamini.

Nikamwuliza meli inaondoka saa ngapi.